Hela, Pesa na Mali katika Nyimbo za Barazani Kwetu

Kila Jumapili mchana baba yangu hufungua redio barazani kwetu Temeke na kusikiliza zilipendwa mpaka jua linapozama, nami kwa miaka mingi nilidhani kwamba kinachomvutia ni magitaa. Sasa najua kwamba husikiliza maneno, na hasa maneno ya fedha, kwa sababu alikuwa mtu wa mshahara na nyingi za nyimbo zile zilitungwa na watu wa mshahara kama yeye.

Jambo hilo vijana wengi hawalijui. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa aliyesubiri mwisho wa mwezi kama karani yeyote, na alipoimba juu ya kodi ya nyumba, deni la dukani au ndugu wanaomkumbuka mtu siku ya mshahara tu, aliimba yaliyomkuta yeye na jirani yake.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi watunzi wanavyochagua jina la fedha. Hela ni sarafu ya Wajerumani, walioiingiza huku mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Utawala wao ukaondoka, sarafu nayo ikaondoka, jina likabaki midomoni mwetu. Pesa ilitufikia kutoka Bara Hindi. Fedha ni madini yenyewe, na sasa ni neno la benki na bajeti. Mali ni kitu kingine kabisa. Katika wimbo wa Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, kijana analia kwamba angemwoa mpenzi wake lakini anashindwa kwa kuwa hana mali. Huenda ana hela ya nauli na ya chai. Asichokuwa nacho ni kile kinachowekwa mbele ya wazee wa binti. Mtunzi angeandika hela mahali pale, wimbo ungekuwa wa mtu aliyeishiwa wiki ile tu, wala tusingeuimba harusini mpaka leo.

Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akafika Dar es Salaam mwaka 1978, hakuishia kwenye kiasi cha fedha. Yeye na bendi yake, Super Matimila, walimwimba mnyonge, mtu ambaye umaskini umemnyima pia haki na heshima, na ninaona hakuna aliyelisema jambo hilo kwa uwazi kama yeye. Alifariki mwaka 2010, lakini makondakta wa daladala bado wanaita kituo cha Sinza kwa Remmy.

Nyimbo nyingi za sasa zinasifu mkwanja ulioko mfukoni tayari: gari, saa, chupa mezani. Sizichukii, ila zinanyamaza kuhusu jinsi mkwanja huo ulivyopatikana, na hapo ndipo palipo na hadithi. Bongo Fleva yenyewe haikuanza hivyo. Juma Nature aliimba maisha ya Temeke hii hii, na sisi tuliokuwa tukichota maji bombani tulijitambua ndani ya mistari yake.

Jumapili iliyopita Malaika ilipigwa, na mpwa wangu mwenye miaka tisa akauliza mali ni nini. Baba alipunguza sauti ya redio, akamweleza mahari aliyoitoa kwa ajili ya bibi yake, akitaja kila kitu kimoja kimoja mpaka mablanketi na jembe, huku mama akimsahihisha kutoka jikoni kwamba mablanketi yalikuwa mawili, si matatu.