Chumba baridi cha Bombo: povu limeingia ukutani

Kuta zote nne sasa zina povu la kuzuia joto, na naandika kabla plasta haijalifunika.

Kwa asiyejua mradi huu: nageuza stoo ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma ya duka langu hapa Bombo, Uganda, iwe chumba cha nyuzi 4, cha kuhifadhi karoti na kabichi zinazoletwa kutoka Kapchorwa. Tulichobishania sana si mashine ya kupoza, ni kaveera, yaani karatasi ya nailoni ya kuzuia mvuke. Binamu yangu anayejenga nyumba Minnesota, Marekani, alinitumia mchoro wa ukuta wa kwao: fremu ya mbao, pamba ya kioo katikati, na karatasi ya nailoni upande wa ndani, nyuma ya jipsamu. Fundi akaupenda.

"Hajati, tufuate huu huu. Wenzetu wanaijua baridi."

"Fundi, baridi yao iko nje. Sisi yetu tunaifungia ndani."

Mvuke, yaani maji yaliyo hewani, hukimbilia upande wenye mvuke mchache, na upande huo kwa kawaida ndio wa baridi. Minnesota nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na ndani nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 35, mvuke husukumwa kutoka sebuleni kwenda nje kwa karibu kilopaskali 0.7 (kipimo cha shinikizo). Ndiyo maana kizuio chao, ile nailoni, hukaa ndani, upande wa joto. Bombo, hewa ya nje ikiwa nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 70, msukumo unaelekea ndani ya chumba changu, na hesabu yangu inatoa karibu kilopaskali 1.6. Huo ni zaidi ya mara mbili ya wao, na huku hakuna kiangazi cha kuugeuza. Ni mwaka mzima.

Hewa ya namna hiyo huacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 20 au chini, kama chupa ya soda inavyotokwa jasho mezani. Tungejaza pamba yenye unene wa milimita 75, nyuzi 20 zingepatikana kama sentimita moja tu ndani yake kutoka upande wa tofali. Maji yangezaliwa humo, na kaveera ya ndani ingeyafungia. Pamba iliyolowa haizuii joto tena, na mbao zake huoza.

Kwa hiyo tumepuliza povu gumu, lile ambalo vijitundu vyake vimefungwa, moja kwa moja juu ya tofali. Likifika milimita 50 lenyewe ni kizuio cha mvuke, karibu permu 1 au chini yake (permu hupima jinsi kitu kinavyopitisha mvuke). Lile jepesi, laini, halifai hapa, linapitisha mvuke. Letu lina milimita 75, na kwa hesabu yangu pale linaposhikana na tofali joto hubaki karibu nyuzi 24, juu ya umande. Limepulizwa kwa tabaka, kila moja likiachwa lipoe, maana povu hutoa joto linapoumuka, na likimiminwa nene kwa mara moja huweza kuungua katikati. Mpulizaji, ambaye kazi yake ya kila siku ni mabodi ya malori ya baridi, alivaa barakoa ya kuletewa hewa safi. Sisi wengine tulikaa nje, na nilisisitiza hilo: isosayaneti, kemikali ya kutengenezea povu, inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha.

Povu halibaki wazi, kwa sababu ya moto. Juu yake utakuja wavu wa chuma, plasta ya saruji, kisha chokaa. Rangi ya mafuta nimeikataa, na kaveera pia, ili unyevu wowote utakaopenya uendelee hadi chumbani, mashine iukamate na kuutoa kwa bomba la maji.

Kinachonipa wasiwasi sasa ni pale ukuta unapokutana na dari, na tundu la mabomba ya mashine. Ufa mdogo unaopitisha hewa huingiza maji mengi kuliko yale yanayopenya ukuta mzima taratibu. Kesho tunafukiza moshi wa ubani kwenye kila kona, feni ikivuta hewa mlangoni, tuone unakoyumba. Plasta itasubiri.