Peasi Tabora: chavua ya kwenye friza imeshikisha matunda

Yameshika! Vijitunda vya Shinseiki, peasi yangu ya aina ya Kiasia, sasa vina ukubwa wa gololi, vikonyo vimenenepa, na ule upepo wa juzi uliomwaga maembe machanga kwenye viwanja vya watu haukuangusha hata kimoja kati ya vile nilivyovichavusha kwa mkono. Habari za shimo, samadi na kubebesha (kuunganisha kipandikizi kwenye mti mwingine) sirudii, anayelima peasi anazijua. Leo naandika kuhusu maua, kwa sababu maua ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi.

Kwa kifupi tu, jinsi nilivyofika kwenye maua yenyewe. Peasi za Kiasia zinataka mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo vitumba viamke vizuri. Tabora tuko kwenye mita 1,200 hivi, na usiku wa Julai tunaouita wa baridi unaishia kwenye nyuzi 14 au 15. Mti haulali, na kwa kuwa haulali hauamki. Unabaki na majani yaleyale, yamechoka, yana vumbi, hayaanguki. Dawa ni ile wanayotumia wakulima wa tufaha wa Batu, kule Java: unanyonyoa majani yote kwa mkono kabla vitumba havijazama kwenye usingizi mzito, na mti unachipua upya. Wenzetu wale kwa njia hiyo wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mimi nakata maji mwanzo wa Juni, nainamisha matawi hadi yalale, mwishoni mwa Juni nanyonyoa, halafu namwagilia kwa nguvu. Maua yanakuja. Hilo nilikwisha kulimaliza.

Yanakuja, kisha yanapukutika yote. Hapo ndipo nilipokwama.

Shinseiki inasifiwa kwamba inaweza kujichavusha yenyewe kwa kiasi fulani. Kwangu kiasi hicho sijakiona. Peasi nyingi za Kiasia zinakataa chavua yao wenyewe, zinataka ya aina nyingine, ndiyo maana nilipanda Hosui pembeni. Kwenye karatasi jozi hiyo inapatana. Bustanini haikutani! Shinseiki ikiwa nyeupe tupu, Hosui haina hata kitumba kimoja. Hosui ikija kufungua, Shinseiki imeshabaki na majani. Nchi za baridi hazina shida hii, kwa sababu kipupwe kinailaza miti yote pamoja na joto linaiamsha karibu wakati mmoja. Hapa kila mti una kalenda yake, na wakati mwingine kila tawi. Nilijaribu kunyonyoa Hosui mapema ili ikutane na mwenzake, ikafungua matawi ya juu tu, ya chini yakanuna.

Nikasema basi, angalau nyuki watanisaidia na yale machache yanayopishana kidogo. Huu ni mkoa wa asali jamani, mizinga imejaa kwenye miyombo toka enzi za mababu. Nyuki walipita juu ya peasi wakaenda zao. Nikamfuata mzee wa jirani mwenye mizinga, nikamwamkia, nikamweleza. Akaja, akasimama chini ya mti kwa muda, akanusa ua.

"Kijana, hapa hakuna kitu. Nyuki wangu hawana njaa ya kuja kulamba hiki."

Ana haki. Nekta ya peasi ina sukari kidogo, hata huko zinakolimwa kwa wingi nyuki huzikwepa wakipata maua matamu karibu. Na Agosti miyombo inaanza kufungua. Ua langu lingeshindana na pori zima? Kule Hanyuan, Sichuan, nchini China, wakulima wa peasi wamekuwa wakichavusha kwa mkono kwa miaka mingi, ua moja moja, kwa vijiti vilivyofungwa manyoya ya kuku. Kuku ninao.

Ila manyoya bila chavua ni kazi bure, na chavua ya Hosui haikuwepo siku ya kuihitaji. Jibu lilitoka kwenye kero. Hosui ina tabia ya kutupa vishada vichache vya maua visivyo na msimu, masika yakiisha, mwezi wa tano, hapa kimoja pale kimoja. Nilikuwa navikata kwa hasira. Mwaka huu nilivingoja. Nilichuma maua yakiwa bado yamevimba kama puto, petali hazijafunguka, kwa sababu likishafunguka chavua inaanza kumwagika. Nikayasugua juu ya chujio la chai mpaka vile vichwa vyekundu vya chavua vikadondokea kwenye karatasi nyeupe. Nikaviacha ndani, kivulini, usiku kucha. Asubuhi vilikuwa vimekauka, vimekuwa vyeusi, vimepasuka, na karatasi ina unga wa manjano, kidogo sana, wa kufunika ukucha wa kidole gumba.

Unga huo adui yake ni unyevu kuliko hata joto. Niliutia kwenye kichupa cha dawa kilichokauka kabisa, kichupa nikakitia kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya boksi la viatu, nikafunga kwa plasta, nikasukuma nyuma ya friza chini ya samaki. Ikihifadhiwa hivyo, chavua ya peasi inaweza kudumu mpaka msimu unaofuata. Umeme ukikatika nilikuwa nakataza mtu yeyote kufungua friza, na nyumbani nimeshaitwa majina.

Agosti Shinseiki ikafungua. Nilitoa kichupa jioni, nikakiacha kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, vinginevyo umande unaingia na kila kitu kinageuka uji. Kazi nilifanya asubuhi, umande wa kwenye maua ukiwa umekauka lakini jua halijawa kali, maana mwezi huo upepo mkavu unakausha stigma, zile ncha za ua zinazopokea chavua, haraka. Ua la peasi lina stigma tano, na zikikosa chavua baadhi yake tunda linakua limepinda upande, kwa hiyo unagusa zote. Kwenye kishada niliacha yale mawili ya pembeni yanayofunguka kwanza, nikagusa ya katikati. Kila kishada nilichogusa nilikifunga uzi mwekundu. Vingine nikaviacha makusudi, bila unyoya, bila uzi.

Visivyo na uzi vimepukutika vyote. Vyenye uzi vingi vimeshika. Sijui niseme nini zaidi, nimezunguka mti ule nikicheka peke yangu.

Kuhusu vifaa. Brashi ya kupakia poda usoni, ile laini ya dukani, ni hasara: inameza chavua, haiitoi. Unyoya wa kifuani wa kuku wa kienyeji unabeba kidogo na unaacha kidogo, ndicho kinachotakiwa. Wajapani huchanganya chavua na unga mwepesi uliotiwa rangi, ili iende mbali na waone ua gani limeshaguswa, na mimi natafuta mbadala. Kwa kuinamisha matawi, achana na fito. Tabora fito ni chakula cha mchwa, unasimika leo, baada ya muda unashika kitu chepesi chenye udongo ndani, na ukiwaita kwenye fito watahamia kwenye shina. Tumia vipande vya nondo na kamba ya katani, au ning'iniza tofali. Mkasi wa kupogolea nunua mmoja mzuri, ile ya bei rahisi inaponda tawi.

Nilipanga hapa nieleze mfumo wangu wa matone wa madumu, lakini madumu yatasubiri, kichwa kimeshahamia Taiwan. Huko wakulima wa mabondeni, ambako baridi haitoshi, tangu miaka ya 1970 wanachukua vipandikizi vyenye vitumba vya maua ambavyo vimeshapata baridi milimani au Japani, wanavibebesha juu ya machipukizi ya Hengshan, peasi ya kwao inayovumilia joto, na vinachanua na kuzaa mwaka huohuo. Kila mwaka wanarudia. Yaani hawahangaiki kuulaza mti, wananunua usingizi uliokwisha kulalwa mahali pengine! Lushoto kuna peasi, na kuna baridi kuliko kwetu. Si za Kiasia, lakini vitumba vyake vikifunguka juu ya matawi yangu wakati wa Shinseiki, nitakuwa na chavua mbichi bila friza. Tatizo ni njia. Vipandikizi vifungwe kwenye gazeti bichi ndani ya nailoni, viwekwe kwenye kiboksi chenye barafu, na nipate kondakta asiyekiweka karibu na injini.

Kwa sasa lililo mbele ni kupunguza, tunda moja kwa kila kishada, na mkono unakataa. Halafu mifuko ya kuyavisha matunda. Tangu ua mpaka kuiva ni kama miezi minne au mitano, maana yake haya yataiva Desemba na Januari, maembe yakiwa yameoza kila kona na inzi wa matunda wako kwenye harusi yao. Gazeti litalowa mvua ya kwanza tu. Nimechukua mifuko ya kaki sokoni, naipaka nta ya yule mzee, na ya kwanza navisha wiki ijayo.