Nilivyoirudishia nguvu Corolla 110 bila kununua injini

Ukitaka kulijua gari lililochoka, lipandishe Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya kwenda Iringa. Corolla 110 yangu, ya gia za mkono, yenye injini ya 5A-FE, huku tambarare ilikuwa haina neno. Ikishapita Ruaha Mbuyuni, ikiwa na watu watano na mizigo kwenye buti, nguvu zinakata. Unakanyaga hadi mwisho, injini inalia tu, unaganda nyuma ya lori la mafuta huna ujanja wa kulipita.

Ushauri wa kijiweni unaujua: funga koni (filta ya hewa ya wazi, isiyo na boksi), kata silensa, tupa injini weka nyingine. Mimi nilianza na hesabu. Injini hii ina cc 1498, na ilitoka Japani ikiwa na nguvu za farasi 100 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500, maana yake hata gari jipya likifika pale limeshaacha njiani farasi kama 15. Hao hakuna fundi wa kuwarudisha. Niliowataka ni wale waliopotelea ndani ya gari lenyewe.

Kabla ya kununua chochote, fundi alipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hiki kipimo usikiruke, ndicho kinachokuambia kama hela yako inaingia kwenye injini au kwenye shimo. Silinda zote nne zilisoma karibu psi 170, hazikupishana sana. Zingekuwa zimeshuka chini ya 140, au moja iko mbali na wenzake, habari ingekuwa ringi au valvu, na yote ninayoyasimulia hapa yasingesaidia kitu.

Cha kwanza kilikuwa cha bure. Nilimweka mdogo wangu kwenye usukani akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mimi nachungulia kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, baada ya kutoa mpira wa hewa. Kipepeo, kile kibati kinachofungua hewa, hakikufunguka chote, kiliishia kama robo tatu. Waya wa ekseleta ulikuwa umelegea kwa uzee, halafu chini ya pedali kulikuwa na kapeti mbili, moja juu ya nyingine. Tulitoa kapeti moja, tukakaza nati mbili za waya, tukaacha ulegevu kidogo ili sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, isipande. Watu wanatafuta farasi madukani wakati wamewakalia kwenye kapeti.

Kisha umeme. Nilipochomoa waya wa plagi ya tatu, kofia yake ilitoka inachuruzika oili. Huu ni ugonjwa maarufu wa injini hizi: sili za mirija ya plagi kwenye tapeti kava zinakauka, oili inajaa kule shimoni, moto unavuja kabla haujafika kwenye plagi. Toyota inataka kila waya usizidi kiloohm 25. Mmoja wa kwangu ulizidi mbali kabisa. Nilibadilisha sili, waya zote na plagi. Kwenye plagi nilichukua zile za kawaida za bei ndogo. Plagi ya iridiamu ya bei poa isiyo na asili yake inayojulikana mimi siigusi, feki zimejaa mno.

Taimingi, yaani wakati plagi inapopiga moto, nayo ilikuwa imesetiwa kwa sikio. Aliyebadilisha taimingi belti miaka ya nyuma alizungusha distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi, hadi injini ikatulia, akafunga bolti, akaondoka. Fundi wangu alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha ukaguzi kilicho chini ya boneti, ili kompyuta isiingilie, akamulika puli kwa taa ya taimingi. Inatakiwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Yetu ilikuwa kwenye 4. Kuzungusha distributa kidogo tu na gari likawa jepesi pale pale. Kuna wanaoisogeza mpaka 12 au zaidi. Ukijaribu hilo, sikiliza mlimani: ukisikia mlio wa changarawe kwenye kopo, rudisha haraka, pistoni hazina spea ya bei rahisi.

Nilikuwa napima kwa saa ya simu, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, barabara ile ile, mtu wa pembeni akishika simu. Kutoka sekunde 13 tulishuka hadi 11. Bado halikuwa gari la farasi 100.

Hapo ndipo fundi alipofunga geji ya vakyumu, inayopima injini inavyovuta hewa, kwenye mpira wa manifoldi. Sailensi ilisoma vizuri. Aliposhikilia injini kwenye mizunguko 2,500, mshale ulianza kushuka polepole badala ya kutulia. Akanigeukia: "Kaka, hii gari haiumwi, imezibwa pumzi." Akalegeza bolti za bomba la mbele ili moshi utokee pale kabla ya kufika kwenye masega, kile kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Kelele haikuvumilika, lakini injini ilipanda mizunguko kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tangu ninunue gari.

Masega yalipofunguliwa, vitundu vya upande mmoja vilikuwa vimeyeyuka vikashikana. Chanzo ni zile waya: petroli isiyoungua ndani ya silinda huenda kuungulia kwenye masega, joto linapanda hadi yanayeyuka. Ndiyo maana umeme hutengenezwa kwanza. Ukianza na masega, utayaua na mapya. Wengi huyatoa wakaacha bomba tupu, na wanunuzi wa vyuma vyake hawakosekani. Mimi nilitafuta ya mtumba mazima, yakachomelewa. Moshi wa gari langu wanavuta watoto wangu. Saa ilisoma sekunde 9.

Mengine yalikuwa madogo. Thamostati, valvu inayoongoza joto la maji ya injini, ilikuwa imetolewa na fundi wa zamani, eti gari lisichemshe. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumimina mafuta kana kwamba ni asubuhi. Niliweka mpya ya nyuzi 82. Kaliper ya breki ya mbele kulia ilikuwa imeganda na kushika diski muda wote, rimu yake haikushikika kwa joto. Kusafisha pini na kupaka grisi kulitosha. Koni sikuweka. Ikikaa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto ya rediata, unapata mlio na kupoteza nguvu. Boksi la kiwandani lenye filta safi linavuta hewa ya nje.

Kitonga sasa naipanda kwa gia ya tatu pale njia inaporuhusu, eesii (kiyoyozi) nikiwa nimeizima. Fundi bado ananishawishi niweke injini ya 4A-FE, cc 1587, anasema inakaa kwenye maunti zile zile. Inakaa kweli, ila namba ya injini iko kwenye kadi, itabidi niende TRA nikabadilishe, na tofauti yenyewe ni farasi kumi na ushee. Nimemwambia tutaongea kompresheni ikishuka.