Msumari ulipenya ndala: jinsi nilivyopona na kujikinga na pepopunda

Leo nakanyaga vizuri, alhamdulillah, ndiyo maana naandika. Wiki tatu zilizopita nilikuwa naokota korosho shambani Newala, karibu na banda la mbuzi, msumari ukanitoboa unyayo.

Tundu lilikuwa dogo, damu kidogo tu. Nikamwagia mafuta ya taa, nikafunga kitambaa. Kesho yake nikakanda kwa maji ya chumvi. Juu pakaziba, lakini mguu ukavimba, ukawa unapwita usiku kucha.

Siku ya tatu nikaenda zahanati. Muuguzi akaniuliza, "Mama, ndala uliyovaa iko wapi?" Mwanangu akaikimbilia nyumbani. Kuitazama, soli ina tundu na kipande cha mpira hakipo. Kilikuwa ndani ya mguu wangu! Wakanipiga ganzi, wakakitoa, wakaosha kwa maji mengi, wakaacha kidonda wazi bila kushona. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hustawi pasipo na hewa. Msumari usio na kutu nao huvileta.

Kisha chanjo. Kadi yangu ya kliniki ya wajawazito ilionyesha sindano ya mwisho ni ya 2016. Kwa kidonda kichafu, ikipita miaka 5 unachomwa tena, nami nikachomwa palepale.

Mume wangu hana kadi wala kumbukumbu ya kuchanjwa. Naye ameanza: dozi ya kwanza tayari, ya pili baada ya wiki 4.