Usiku tuliotoa shaba kwenye mtutu wa .375

Mwaka 2009 nilikuwa kijana mdogo kwenye kambi moja ya uwindaji wa kitalii huko Rungwa, upande wa Itigi, kazi yangu kuosha magari na kumsaidia mzee mmoja aliyekuwa mtunza bunduki wa kambi, sote tulimwita Babu. Msimu ulikuwa unafunguliwa tarehe 1 Julai kwa hiyo wiki zile wageni walikuwa wanaingia kwa kupokezana, na kila mgeni akishafika, hata kabla hajapumzika vizuri, anapelekwa nyuma ya kambi kupiga shabaha, maana bunduki imetoka kwenye ndege imerushwarushwa huko na huwezi kumpeleka mtu kwa nyati wakati hamjui risasi inaenda wapi.

Mgeni ninayemzungumzia alikuja na .375 H&H, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, nzuri sana aisee, mbao inang'aa, nje hakuna hata doa la kutu. Tukaweka boksi na karatasi mita 100, akapiga tatu. Ya kwanza karibu na katikati, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kabisa ukingoni. Akarudia, zikatawanyika zaidi. Akaanza kuilaumu skopu, ile darubini ya kulengea. Mwindaji bingwa wetu, yule anayewaongoza wageni porini, akakagua skrubu zote, zimekaza, wakajaribu risasi za boksi jingine, bado vilevile. Mgeni akashika vile vitufe vya skopu aanze kuzungusha na hapo ndo Babu, ambaye muda wote alikuwa amechuchumaa kimya, akasema, "Bosi, skopu muiache kwanza. Kijana, niletee tochi."

Akachomoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga bunduki, akahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, akamulika mdomo wa mtutu kwa pembeni akaniita nione. Ndani ya mtutu kuna ile mifereji ya kujisokota inayoizungusha risasi, sasa juu ya matuta yake niliona michirizi myekundu ya shaba imeanzia mdomoni inaingia ndani mpaka pale jicho linapofika. Risasi ya .375 ni gramu 19 na ushee, inatoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, na ganda lake ni shaba karibu 95% na zinki kidogo, kwa hiyo kila ikipita inaacha shaba kidogo ukutani. Risasi inayofuata inaifunika kwa masizi, inapaka shaba nyingine juu, inaendelea hivyo hivyo tabaka kwa tabaka mpaka njia ya risasi si ile tena.

Na huyu mgeni hakuwa mvivu jamani, alisema kila akitoka kupiga anasafisha. Ila dawa yake ilikuwa ya masizi tu, kitambaa kikitoka cheupe anajua kazi imeisha, kumbe shaba iko palepale chini. Tena kwao alikuwa anafanyia mazoezi risasi za shaba tupu, zile ambazo ndani hazina madini ya risasi (ledi), na kwa mitutu mingi hizo ndo zinaacha shaba zaidi.

Jioni baada ya chakula tukakaa chini ya mti, nje, maana dawa ya shaba ina amonia na harufu yake inakukaba koo ukikaa nayo kwenye hema. Babu akailaza bunduki mdomo ukiwa chini kidogo ili dawa isirudi nyuma ikaingia kwenye mbao, akapitisha ufito wa kusafishia kutokea nyuma, kwenye chemba, hakutaka kabisa uingizwe kwa mbele kwa sababu ukikwaruza ukingo wa mdomo umeharibu shabaha moja kwa moja. Kwanza masizi, vitambaa vyeusi tii, mpaka vikaanza kutoka safi. Akakausha. Halafu ndo amonia.

Mgeni akatoa kichwa chake cha ufito cha brasi, kile kinachoshika kitambaa, kizuri, kipya. Babu akakikataa kwa adabu akafunga cha plastiki, akanieleza kwamba brasi nayo ina shaba ndani yake, amonia inaila hiyohiyo na utaona ile bluu ya shaba usiku kucha udhani bado mtutu mchafu. Akapaka dawa, tukasubiri kama dakika kumi, chupa yenyewe imeandikwa isizidi 15, akasukuma kitambaa kikavu. Kikatoka bluu kama wino wa kalamu. Mgeni alikishika akakigeuza geuza kwenye mwanga wa taa hasemi kitu.

Tukarudia, bluu. Tukarudia, bluu imefifia, mimi nikafurahi nikidhani tumemaliza, Babu akarudi kwenye dawa ya masizi na kweli vitambaa vikatoka vyeusi upya, tabaka la chini lilikuwa limefunuka, halafu amonia tena na bluu ikarudi imeiva vilevile. Yaani hiyo ndo sehemu watu wengi wanaachia njiani. Mwindaji bingwa alienda kulala, mgeni akabaki na sisi, mwisho akawa anasukuma ufito mwenyewe Babu anamwelekeza kwa ishara. Kitambaa kilipotoka bila rangi yoyote Babu akafuta dawa yote kwa spiriti, akakausha, akapitisha mafuta mepesi.

Asubuhi mafuta yakafutwa, Babu akamwambia mgeni asiogope risasi ya kwanza ikikaa vibaya, mtutu uliotoka kusafishwa unataka risasi moja mbili utulie. Ikakaa chini kweli. Zilizofuata tatu ukizifunika na vidole viwili hazionekani, na skopu hakuna aliyeigusa.

Mimi nililipenda jambo lile kwa sababu nilikuwa nawajua wafuata nyayo wetu. Nyati akijeruhiwa akaingia kichakani, anayetangulia kumfuata ni wao na hawana bunduki mkononi, wana macho tu. Mgeni alimpata dume wake, akapiga begani, hakufika mbali.

Babu baada ya hapo akaichukua bunduki ya .458 ya kambi yenyewe, ile tuliyoiamini miaka yote, akaimulika na tochi. Usiku ule ule tukaanza nayo, na kitambaa cha kwanza cha amonia kikatoka bluu.