Mchawi wa Mnarani

Juzi mwanangu alirudi kutoka klabu ya michezo ya mezani ya shuleni kwao, na hata koti hajavua akaniuliza: "Mama, mchawi mkubwa mnamshindaje na wahusika wenu bado wako daraja la tano?" Jibu likanitoka lenyewe: mzibeni mdomo. Akafurahi, akakimbilia daftari lake. Mimi nikabaki na yule mchawi wa Ustadhi, ambaye sijamsahau hadi leo.

Ustadhi ndiye aliyetuingiza sote kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi na dadu ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, na ndiye aliyekuwa akiuendesha, Jumamosi usiku, kule Saint Paul, Marekani, theluji imepanda hadi kwenye vioo vya chumba cha chini. Hakuchoka kutukumbusha kwamba Dave Arneson aliichezesha Blackmoor, ulimwengu wake wa kubuni, kulekule Minnesota kabla yeye na Gary Gygax hawajautoa mchezo mwaka 1974. Tulicheza kwa Kiswahili, majina ya uchawi yakibaki kama yalivyo kitabuni. Padri alikuwa wa Shemeji. Visu vilikuwa vya Wifi. Mimi nilikuwa na lile jitu langu la milimani, shoka na mabega.

Mchawi aliishi mnarani, na Ustadhi alimpa Kimvita chote alichozaliwa nacho. Kila tulipokutana naye alitangulia yeye kusema. "Mwatakani kwangu, wana wa watu?" Kisha maneno yanaanza kushikana kwa vina, na vina vikimalizika mpira wa moto umeshatua, dadu 8 za pande sita zikimwagwa mezani kwa mikono miwili. Mara ya kwanza tulikimbia. Mara ya pili tulikimbia tukiwa pungufu. Na bado nilikuwa naisubiri Jumamosi kwa ajili ya ile sauti. Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na wazee wa kuongea namna hiyo, na Minnesota sikuwa na mwingine.

Mpango ulikuwa wa Shemeji. Silence ni uchawi wa ngazi ya pili tu, padri anaupata mapema. Unachagua mahali ndani ya futi 120, na kutoka hapo futi 20 kila upande hakuna sauti inayozaliwa wala inayopenya. Uchawi wowote wa kutamkwa haufanyiki humo. Mpira wa moto hutamkwa. Hata Misty Step, ule wa kuponyoka kufumba na kufumbua, hauna kingine ila tamko. Lakini katika toleo la 2014, tulilokuwa tukicheza, kimya hukaa palepale kilipowekwa. Zamani uliweza kukibandika kwenye jiwe ukaenda nacho unakotaka. Siku hizi mchawi anajitembelea tu hadi nje na kukuunguza. Kwa hiyo lazima awepo wa kumkaba. Halafu kuna Counterspell, ambao hauhitaji neno, mkono tu, na ungeweza kuuzima uchawi wa padri kabla haujashika, mradi mchawi amwone padri ndani ya futi 60. Shemeji ni mhasibu. Alihesabu miraba ya ramani kwa ncha ya kalamu, akamsimamisha padri wake futi 80, mlangoni kabisa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilipanda ngazi, nikala mapigo, nikamfikia. Shemeji akashusha kimya. Nikarusha dadu ya pande 20, nikamkaba mchawi kiunoni. Ustadhi akatangaza kwamba walio ndani ya kimya, yaani mimi na Wifi, hatusemi neno mezani hadi kiondoke, wala hatusikii la mtu wa nje.

Zamu ikawa ya mchawi.

Ustadhi alisimama. Alinitazama mimi, si zile sanamu ndogo kwenye ramani, akaanza kusema bila sauti. Mwanzoni midomo ilikwenda mbio, kwa mwendo wa vina vyake, nikajua anajaribu uchawi na unakataa. Kisha ikapungua kasi. Yakawa maneno machache, yanarudiwa, taya likifunguka polepole kama anayemsemesha mtoto. Macho yake hayakuwa ya hasira. Halafu mikono yake yote miwili ikapanda, viganja wazi, vidole vimetanuka.

"Anafanya nini?" Shemeji akauliza kutoka mlangoni kwake. "Anafanya nini huyo? Semeni!"

Hatukuruhusiwa kumsikia, seuze kumjibu. Nilikuwa nimeikaza mikono yangu hewani kana kwamba kweli nimembana mtu, na nilichokuwa nikikiwaza ni Hypnotic Pattern. Huo hautamkwi. Mkono na kitu kidogo cha kushika vinatosha, na ungetupumbaza mimi na Wifi, mchawi akateleza mikononi mwangu na kutoka zake. Viganja vile vilikuwa mwanzo wa uchawi huo, au vilikuwa viganja vya mtu anayejisalimisha. Wifi alinitazama, dadu zake zimo kiganjani. Nikatikisa kichwa kukubali.

Ustadhi alihesabu pigo la Wifi, akailaza sanamu ya mchawi chali, akaketi.

Tulishangilia sana. Mnara ulikuwa wetu, na hazina, na daraja la sita. Nilimuuliza Ustadhi usiku huohuo, tukivaa makoti: alikuwa anasema nini? Akanijibu, "Alisema. Wewe hukuwapo pa kusikia." Nimemuuliza tena mara nyingi tangu hapo, hata kwenye harusi yake. Hajanipa jibu lingine.

Yule mchawi alikuwa amechoma vijiji viwili, na nikirudishwa mnarani leo nitamkaba tena. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba uchawi ule hauchagui. Unazuia mpira wa moto na unazuia "nimeshindwa, niacheni" kwa nguvu ileile, na anayebaki kuamua ni mtu mwenye shoka ambaye naye amezibwa masikio. Sijui kama mchezo ulikusudia hivyo. Nadhani Ustadhi alikusudia.

Tangu hapo, meza yoyote ninayokaa naomba tupatane kabla: adui akipiga magoti ndani ya kimya, mikono kisogoni, padri auachie uchawi, maana kuuachia hakumgharimu zamu. Wifi aliafiki papo hapo. Shemeji hadi leo hataki kulisikia. Anasema mchawi yeyote mwenye akili atapiga magoti hayo ili apate kutamka neno moja tu, na tutaungua sote. Nimemtafutia jibu miaka yote hii, sijalipata.