Picha ya mama mkubwa kwenye ukuta wa hoteli

Nimetimiza miezi mitatu tangu nirudi Unguja, baada ya miaka 23 Uingereza, na sikuwa na nia ya kuandika. Waliotangulia kurudi wameshayasema: bei ya samaki, msongamano wa magari Darajani, watoto wanaompita mzee barazani bila ya shikamoo. Hayo nayaacha. Ninaandika kwa ajili ya picha moja, kwa kuwa tangu niione usingizi wangu haujakaa sawa.

Kule nilikuwa na maradhi ya picha za zamani. Nikitoka zamu ya usiku, koti sijalivua, nishafungua simu kutazama zilizoletwa na wenzangu kwenye kundi letu. Treni ya Bububu, ile iliyoanza 1905, ikipita ubavuni mwa Ngome Kongwe. Jumba la Beit el Ajaib likiwa na mnara wa taa mbele yake, kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara wa saa tulioujua sisi ulikuja baadaye. Maji ya bahari yakiingia kutokea Funguni mpaka Darajani, daraja lenyewe likionekana, na upande wa pili vibanda vya makuti vya Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo wakati wa Waingereza. Sisi tuliikuta barabara, tukaiita Creek Road mpaka ikapewa jina la Benjamin Mkapa, lakini majina ya Darajani na Ng'ambo yamebaki yakishuhudia maji ambayo hayapo.

Nilizijua picha hizo hasa. Nilijua zipi ni za mpiga picha A. C. Gomes na zipi ni za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio 1930. Mtu akileta picha ya uchochoro, natazama kivuli ukutani namwambia ni alasiri, na aliyepiga ameipa mgongo bahari. Wenzangu walikuwa wakiniuliza mimi.

Ndiyo maana nilidhani nimejiandaa. Hata Beit el Ajaib nilikuwa nimeshalililia. Lile jumba la Sultan Barghash la 1883 lilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa chini ya kifusi, nilikuwa kazini. Niliingia chooni nikajifungia. Kwa hiyo boti ilipokaribia bandarini jicho likautafuta mnara wa saa likaukosa, niliumia maumivu niliyoyatarajia. Nilisoma Fatiha nikashuka.

Mtaani kwetu, Kiponda, ndipo nilipoanza kuyumba. Nyumba zipo. Milango ipo, mingine imepakwa mafuta inang'ara kuliko tulivyoijua. Baraza zipo. Waliokuwa wakizikalia ndio hawapo. Nilihesabu milango 11 tuliyokuwa tukipeleka futari kwa zamu mwezi wa Ramadhani, na kati yake niliweza kubisha hodi miwili tu. Wengine wamekwenda Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo, Kwarara. Wengine ng'ambo ya bahari kama mimi. Wengine Mwanakwerekwe ile ya makaburini. Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia, na nakumbuka tulivyofurahi. Nikasimama katikati ya uchochoro saa kumi alasiri, wakati ambao zamani ungesikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, nikasikia magurudumu ya mabegi ya wageni.

Nyumba iliyotazamana na yetu sasa ni hoteli. Sisi tukiwa watoto ilikuwa na wapangaji, kila familia na chumba chake, kisima uani, na ngazi ya mbao ambayo daraja lake la tatu lilikuwa limekatika. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema hodi kwa mazoea. Kijana wa mapokezi akainuka, akasema karibu mama, umeshabuku? Nikamwambia mimi ni mtu wa mtaa, nataka kutazama tu. Akaniruhusu kwa adabu, na hapo hapo, juu ya kichwa chake, nikamwona mama mkubwa.

Picha imekuzwa ikawa kubwa kama sinia la harusi, kwenye fremu nyeusi. Msichana wa miaka kumi au kumi na moja, gauni la marinda lenye ukosi wa lesi, wanja umepita kidogo nje ya jicho la kushoto. Amesimama nyuma ya kiti cha kusuka, mikono miwili juu ya kiti, na nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na maua. Chini kuna kibao kidogo cha shaba: Msichana wa Kizanzibari, miaka ya 1950.

Picha hiyo nimekua nayo. Ilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha mama yangu, ndogo, saizi ya kiganja, na ncha moja imeliwa na mchwa. Kopi yake ninayo kwenye simu. Nikaitoa, nikaiweka karibu na ukuta, na mkono ukaanza kutetemeka. Kijana akaniuliza kama namjua. Nikamwambia huyu ni dada yake mama yangu, yuko hai, anaishi Mwanakwerekwe, na jana nimekula kwake mihogo ya nazi.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilikasirika kwa kibao kuliko kwa picha. Kadi za posta za wakati wa wakoloni ndivyo zilivyokuwa zikiandika: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Jengo lina jina lake, mtaa una jina lake, mtu hana. Na mimi, kwa miaka yote ile usiku nikitazama picha, nilikuwa nikitafuta dirisha, mlango, kivuli cha ukuta. Wale watu barazani nilikuwa nikiwapita. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba kila mmoja wao ni mama mkubwa wa mtu, na kwamba mtu huyo pengine yuko Fuoni anakaanga samaki wakati sisi tunabishana kwenye simu kama nyuma yake ni Malindi au Funguni.

Nikamuuliza kijana wameipata wapi. Akasema wakati wa ukarabati mafundi waliikuta kwenye kabati la ukutani, chumba cha juu, mwenye hoteli akaipenda.

Nikapanda daladala mpaka Mwanakwerekwe bila hata kupita nyumbani.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "nimeiona picha yako mjini."

"Ipi? Mie picha zangu zote nilimpa mamako."

Nikampa simu. Akavaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa pembe ya kanga, akaivaa tena. Akatazama muda mrefu, kisha neno lake la kwanza likawa, "Gauni hili si langu."

Nimekaa na picha ile maisha yangu yote, na hilo sikuwahi kulijua. Ilikuwa Sikukuu. Babu yangu, mchukuzi bandarini, alichelewa kupata pesa za kitambaa, na fundi cherehani akawa hajamaliza. Watoto wote wa mtaa wanakwenda kupiga picha, kisha Mnazi Mmoja kwenye pembea, na yeye amekaa ndani analia. Msichana wa nyumba ya mbele, wa umri wake, alikuwa na magauni mawili. Akamvalisha moja. Viatu vikawa havimwingii, ndipo mpiga picha akamsimamisha nyuma ya kiti ili miguu isionekane. Studio yenyewe ilishafungwa zamani. Yule rafiki akatoa pesa zake za mkono wa Sikukuu akalipia kopi ya pili, moja yako, moja yangu, tusisahauliane.

"Gauni nililirudisha," mama mkubwa akasema. "Limefuliwa na kupigwa pasi."

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Familia ile iliondoka, na wao wawili hawakuagana. Wako waliosema wamefikia Dar es Salaam, wako waliosema Maskat. Nyumba ikagawiwa wapangaji chumba kwa chumba kama nyingi za mjini, na ndivyo nilivyoikuta mimi.

"Kwa hiyo picha ilikuwa humo ndani?" akaniuliza.

"Kwenye kabati la ukutani, chumba cha juu."

"Kumbe hakuichukua." Akanirudishia simu. "Na mie miaka yote hii nikijua anayo."

Hakuna nililolisikia tangu nirudi lililonichoma kama hilo. Nilikwenda na hasira za kibao cha shaba, nikidhani ninamletea mama mkubwa haki yake, kumbe nimemvunjia kitu alichokuwa amekishika kwa zaidi ya miaka sitini. Alinyamaza mpaka adhana ya Magharibi. Nilitamani ningemwachia alivyokuwa anajua.

Nawaambia wenzangu mnaojiandaa kurudi, na najua wengi mnajiandaa kama nilivyojiandaa mimi, kwa picha. Msianze na majengo. Msikimbilie Forodhani na simu mkononi kulinganisha ya zamani na ya sasa, Forodhani haikimbii. Kwanza nendeni kwa wazee, na nendeni Mwanakwerekwe, Fuoni, Jang'ombe, Michenzani kwenye zile nyumba ndefu walizosaidia kuzijenga Wajerumani wa Mashariki, kwa sababu mji mnaoutafuta uko huko, umekaa juu ya mikeka. Chukueni picha zenu za karatasi. Mkae, mmwachie mzee azungumze anavyotaka, na jina likitajwa mliandike nyuma ya picha wakati ule ule, kwa penseli laini na bila ya kukandamiza, maana kalamu ya wino hupenya ikatokea usoni mwa mtu. Msizigandishe kwa gundi kwenye albamu. Msizipeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto, mimi nimeziharibu mbili hivyo. Mkizipiga kwa simu, pigeni na upande wa nyuma.

Na ndugu zangu mnaotuma kwenye makundi picha ya bibi wa watu na kuandika "Zanzibar yetu ya zamani," basi ulizeni kwanza ni nani. Watu wapo wa kuuliza, leo. Wakati mama yangu yuko hai nilimpigia simu kila Ijumaa kwa miaka mingi, tukazungumza hali ya hewa na bei ya sukari, na hata siku moja sikumuuliza gauni lile ni la nani. Ameondoka nalo.

Baada ya wiki mbili mama mkubwa akaniambia yeye mwenyewe, "Nipeleke." Alivaa buibui lake la kutokea, akajifukiza udi kama anayekwenda harusini. Teksi ilituacha Darajani, uchochoroni tukaenda polepole, mkono wake begani kwangu, na kila mlango akiutaja kwa mwenyewe, wa zamani, siyo wa sasa. Nilikuwa na penseli na daftari. Niliandika majina 26 kabla hatujafika.

Kijana alikuwa zamu. Alimshikia kiti, akamletea maji. Mama mkubwa aliitazama picha kidogo tu, kisha akaanza kuitazama nyumba. Akauliza kisima kiko wapi, akaonyeshwa palipowekwa chungu cha maua. Akapapasa kidaka cha ukutani karibu na ngazi, akasema hapa tulikuwa tukificha kete za mdako. Halafu akauliza kabati lenyewe lilikuwa chumba kipi, na kijana alipomwelekeza kwa kidole, juu, mkono wa kulia, dirisha la uchochoroni, akatikisa kichwa. "Chumba chake."

Nilikuwa nimeshazungumza na meneja kwa simu, na alikubali kubadilisha kibao, nasema hili kwa haki yao. Nikamwambia mama mkubwa wataandika jina lako. Akakataa.

"Jina langu la nini kwenye ukuta wa watu? Mie nipo, anayenitaka atanikuta kwangu. Waambie waishushe."

Kijana akapanda kiti, akaishusha picha, akaigeuza juu ya meza ya mapokezi. Nyuma yake kuna ubao mwembamba wa fremu, mweupe, haujaandikwa kitu. Nikatoa penseli. Mama mkubwa akanitajia jina la mwenye gauni, lake na la baba yake na la babu yake, taratibu, akinisimamia nisikosee herufi. Hapa silitaji, kwa kuwa wenyewe hawajaniruhusu. Nilipomaliza akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena, kwa sauti, huku amegeukia ngazi.